Siku ya Arobaini na Mbili

Taa nyekundu, ili rangi isitoe siri.
Vikombe vya mtindi, kila kimoja na nambari
niliyoiokota kwa kura, isiyo na maana:
mia saba kumi na nne, mia mbili tisini.
Maji ya kusukutua. Biskuti isiyo na chumvi.
Swali ni moja: Ungekila hiki?
Ndiyo. Hapana.

Nje ni Julai ya Paysandú, baridi inang'ata vidole,
mto umejifunika ukungu hadi shingoni.
Ndani, watu hamsini, na ujira ni kipande cha jibini.

Washington Etcheverry, dereva wa lori la maziwa,
wiki ya pili tu akakisukuma kikombe:
"Hiki kimeanza kununa."
Nikaandika hapana. Kununa sikuandika,
fomu haina nafasi yake.
Maite wa duka la dawa: ndiyo, hapana, ndiyo, hapana,
na mtu wa takwimu kutoka Montevideo akakuna kichwa.

Kibanda cha tisa, bibi Zulmira Olivera.
Siku ya kumi, ndiyo.
Ya ishirini na nane, ndiyo.
Ya arobaini na mbili, mtindi umejitenga na maji yake,
uchachu unapanda puani kama deni la zamani,
akakwangua kwa kijiko hadi plastiki ikalia.
Ndiyo.

Mlangoni nikamwuliza, kinyume cha kanuni:
hukuhisi kitu?
"Nimehisi, mwanangu. Kimechacha.
Lakini hukuniuliza kama ni kitamu.
Umeniuliza kama ningekila."
Akafunga skafu, akachukua jibini lake.

Usiku grafu ikashuka, ngazi kwa ngazi.
Pale nusu ya watu walipokataa tukaweka tarehe,
siku ya thelathini na moja,
ipigwe muhuri kwenye kifuniko
kana kwamba maziwa yenyewe yametamka.
Zulmira kwenye jedwali ni mstari usiokatika,
unatoka nje ya ukurasa.
Kitaalamu tunasema: atakataa, lini hatujui,
ni baada ya siku ya mwisho tuliyoweza kungoja.

Nyumbani, kwenye friji, kikombe kimoja.
Tarehe yake ilikuwa jana.
Mkono ulishafika kwenye pipa
pua haijaulizwa.