Treni Haina Usukani

Birika likipiga mluzi, mume wangu hukanyaga breki.
Mguu wa kulia, chini ya meza, unakandamiza zulia
mpaka mshipa wa shingo unasimama.
Mimi huepua birika. Hatusemi kitu.

Suwałki, mwezi wa pili. Theluji imefika madirishani.
Mwaka jana, kwenye ukungu kama huu,
gari dogo jekundu lilizimika katikati ya reli.
Treni haina usukani, Ziemowit aliwaambia wapelelezi.
Treni haina usukani, aliniambia usiku ule,
na kesho yake, na mtondo, na mtondogoo,
hata nikamjibu: nimeelewa.
Sikuwa nimeelewa.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka.
Hawakumtaja alalaye ubavuni pake,
anayeacha nyanya sokoni kwa ajili ya wekundu wake,
anayehesabu pumzi za mwenziwe saa tisa usiku,
aliyejifunza kufunga mlango
kama anayemfunika mtoto shuka.

Mama mkwe alisema: mwanamume huyo, atasahau.
Kasisi alisema: samehe. Nikauliza: nani?
Shirika la reli lilimpa wiki mbili na barua yenye muhuri.

Kisha akaja Radomir wa treni za mizigo,
mlevi mstaafu, meno matatu ya dhahabu.
Akala supu yangu ya unga mchachu, akafuta sharubu:
"Wangu alikuwa na mwavuli. Sasa mwaka wa kumi na moja."
Basi. Akaomba chumvi.
Ziemowit akainua uso.

Siku hizi, kila Alhamisi, juu ya ukumbi wa tiketi,
madereva sita, viti vya plastiki, na Bi Jagna
ambaye hajawahi kumwambia mtu asahau.
Husema: "Mwili wako bado uko pale kwenye kivuko.
Twende tukauchukue. Polepole. Kuna barafu."

Zipo Alhamisi hurudi amechoka kuliko alivyotoka.
Moja hakushuka garini; alikaa saa nzima,
injini ikinguruma, vioo vikiota ukungu.
Nikamwachia.

Jana birika lilipiga mluzi.
Mguu ukaruka, ukagusa zulia, ukatulia.
"Chai," akasema,
kama mtu asomaye jina la kituo
alichokuwa akikipita bila kusimama.

Nikamimina. Mkono uliotetemeka ulikuwa wangu.
Akauona.
"Alhamisi," akasema, "kuna na chumba cha wake."