Kadi ya Mfukoni

Kitabu kimerudi leo saa tisa na robo,
ndani ya mfuko wa mkate,
kwa kuwa theluji ya Montana inayeyuka na kila kitu ni tope
kuanzia mlango wa maktaba hadi Kanada.
Ansel Tveit, miaka saba, alikisukuma mezani kwangu
kama mtu anayerudisha mbwa aliyemng'ata.

"Kina makosa," akasema.

Najua. Kilinitangulia kazini.
Humo tiranosauri amesimama wima kama padri,
mkia anauburuta kama gunia la viazi,
rangi yake kijivu cha sufuria kuukuu,
na nyuma yake volkano inatapika, maana enzi zile
hakuna mchoraji aliyethubutu kumchora
siku ambayo volkano imelala.

Ansel amesahihisha kwa penseli.
Ukurasa wa nne: MKIA HAUGUSI CHINI.
Ukurasa wa tisa: VIDOLE NI VIWILI,
na kile cha tatu amekifuta hadi karatasi ikatoboka.
Ukurasa wa kumi na mbili, penye mikono ile
iliyokunjwa kifuani, mikono ya birika kweli kweli,
hakuandika neno.
Amechora yai, dogo,
pale ambapo mikono ingefika.

Wilaya imeagiza: vitabu vya sayansi vilivyopitwa na wakati
viondolewe. Muhuri ninao, wino mwekundu.
Nikafungua jalada la nyuma.
Mfuko wa karatasi bado umebandikwa, na kadi imo,
ya zama zile watu walipoandika majina kwa mkono.

Orrin Tveit, Oktoba 1971.
Orrin Tveit, Novemba. Orrin Tveit, Novemba tena.
Halafu Dagny Rusk, wiki moja
(nadhani alilazimishwa),
kisha Orrin, Orrin, Orrin,
mwandiko ukinyooka kadiri mvulana alivyorefuka.

Tulimzika Februari. Ardhi ilikuwa chuma;
wachimba kaburi waliwasha moto juu yake usiku kucha.
Alikuwa mtu wa ng'ombe na nyaya za uzio,
maneno yake ya kuhesabu.
Mlango wa banda aliuzuia kwa jiwe la kahawia,
na ukijikwaa hapo angesema tu,
"Hilo lilikuwa na uboho,"
akaendelea na kazi.

Ansel aliisoma kadi kwa kidole, mstari kwa mstari.
"Kwa hiyo babu alijifunza uongo?"

Nilikuwa na gundi mkononi, nikaifunga kifuniko.
Nikaifungua tena.
"Si uongo," nikasema. "Ni zamani."
Akanitazama kana kwamba nimemuuzia maziwa yaliyochacha.

Nikagonga muhuri. Kwa robo dola,
kitabu kilichoondolewa ni cha yeyote anayekitaka.
Akavua buti: sarafu ilikuwa ndani ya soksi,
ya moto.

Nikamwazima kile kipya, kilicholetwa mwezi uliopita.
Humo mnyama ameinama mbele, mkia sawa na boriti,
shingoni ana manyoya mepesi kama ya kifaranga,
na hakuna volkano, mvua tu,
na macho yake yanatazama pembeni,
kitu ambacho ukurasa haukutosha kukionyesha.

Wiki iliyofuata kikarudi. Mfuko uleule wa mkate.
Nilingoja hadi gari la mama yake likakunja kona,
ndipo nikakipekua, ukurasa kwa ukurasa.
Hakuna alichokata. Hakuna alichofuta.
Ila penye manyoya, ukingoni kabisa,
kwa penseli iliyogusa karatasi kwa shida,
neno moja:
*labda*.

Kifutio ninacho. Kitabu cha maktaba hakiandikwi,
sheria iko ukutani, na mwandiko ni wangu.
Nikapuliza vumbi la penseli,
nikakirudisha rafuni.