Mizani ya Kibuye

Kila Machi afisa wa vipimo huja Kibuye
na kisanduku cha mawe ya shaba.
Huweka kilo juu ya mizani yangu, huinama, husoma,
kisha hugonga muhuri.
Mwaka juzi ya Mama Akeyo ilipunja gramu arobaini,
akaibeba mbele ya soko zima.
Hatukumcheka. Kila mtu alitazama yake.

Mchana nauza maharagwe.
Usiku nashika gita, na nyimbo zangu nne
(moja niliitunga kwa harusi ya binti wa Obala,
ndoa imevunjika, wimbo bado upo)
zimo humo simuni.
Taarifa ya Juni ilisema: umesikilizwa mara elfu tisini na mbili.
Malipo: shilingi mia tatu na kumi na moja.
Nikaandika kuuliza, mmepima kwa jiwe gani?
Mashine ikanijibu: Asante kwa kuwasiliana nasi.

Basi Jumanne sikufungua kibanda.
Nilikwenda ukumbini, mswada ulipoletwa Kisumu kuombewa maoni.
Wakili wa kampuni, kijana mpole, tai ya samawati,
alisema hesabu yao ni siri ya biashara,
na anayechagua wimbo upi ufuate wimbo upi
si mtu, ni fomula.
Nikasimama. Mheshimiwa, hata mizani si mtu.
Na bado mnaigonga muhuri.

Walicheka. Karani aliandika, au alijifanya anaandika.

Kifungu cha kumi na nne nimekisoma mara tatu:
kampuni itaeleza inavyohesabu na inavyopendekeza,
kwa kadiri inavyowezekana.
Maneno matatu hayo ya mwisho nayajua.
Aliyeegemeza kidole kwenye sahani
naye hupima kwa kadiri inavyowezekana.
Mwalimu Nyangweso alitufundisha ubeti kwa fimbo ya mpera:
mizani kumi na sita, nane kwa nane,
silabi moja ikizidi, darasa zima linasikia.
Sisi tulihesabiwa hadi pumzi.

Jumatano nimerudi sokoni.
Msichana anataka kilo mbili za rosekoko.
Namgeuzia mizani uso: jionee mwenyewe.
Haangalii. Ana visikizi masikioni,
kichwa kinamtikisika taratibu.
Sijui anamsikiliza nani.
Wao wanajua.