Honi

Mganga hajigangi, alisema Makokha wa langoni
kabla hata sijafungua boneti.
Saa kumi na moja alfajiri, Kariobangi Kusini,
baridi ya Agosti imeganda juu ya vioo,
Kwamboka yuko kiti cha nyuma,
sanduku la bati limelala kando yake kama mgonjwa,
godoro limefungwa kamba juu ya paa.

Nikageuza ufunguo.
Che-che-che-che-che. Che-che-che.
Basi.

Gari lisipowaka, sikiliza kwanza.
Likinyamaza ndi, ni betri, au waya.
Likisema tki moja, ni stata, igonge kwa upole.
Likilia che-che-che kwa nguvu namna hii
misuli ipo;
kinachokosekana ni cheche, au chakula.
Ndivyo ninavyowafundisha vijana pale Grogan,
mikono imezama kwenye magari ya watu
ambayo jioni huondoka yote yakinguruma
nami nikabaki natafuta sabuni.

Kilonzo wa gesi akasema: betri.
Hakuna aliyemuuliza.
Ghorofa ya tatu dirisha likafunguka:
"Fundi, kumbe ni wewe unayetuamsha?"
Mwingine akasema tusukume.
Otomatiki! Tusukume hadi wapi?

Nikang'oa plagi, nikaiegemeza kwenye chuma,
nikamwambia Makokha, zungusha.
Cheche ikaruka, ya samawati, nyembamba kama unywele.
Nikainusa plagi. Kavu. Hakuna harufu ya petroli hata chembe.
Kumbe ni njaa.
Lakini jana nilimimina lita kumi kwa mtungi,
bei yake naijua kuliko ninavyojua umri wangu.

Ndipo mtoto akasema kutoka nyuma, taratibu,
kama anayesahihisha hesabu ya mwalimu:
"Baba, yule nyuki hajalia."

Nyuki gani?

"Wa chini ya kiti. Hulia kwanza, kabla ya che-che."

Pampu.
Miaka kumi na minane nazisikia pampu za wenzangu.

Fyuzi nzima. Nikafungua kisanduku cha rilei:
matundu manne matupu yananitazama.
Nikakumbuka.
Wiki tatu nyuma, usiku, hapahapa langoni,
muuguzi wa zamu ya Mbagathi, gari limemzimikia,
maduka yamefungwa, anatazama saa mara mbili kwa dakika.
Nikachomoa ya kwangu nikamtilia.
Nitanunua nyingine kesho, nilisema,
na kesho ya fundi mnaijua.
Tangu siku hiyo nimekwenda kazini kwa miguu,
nikisingizia afya.

Honi nayo ina rilei yake, miguu minne, sura ileile.
Nikaitoa pale, nikaichomeka hapa.
Nyuki akalia.
Gari likawaka kabla sijamaliza kuomba.
Makokha akapiga makofi, kisha akajikumbuka.

Tukavuka Nairobi bila honi.
Barabara ya Jogoo nikaomba njia kwa taa,
kwa mkono, kwa uso;
mkokoteni wa viazi ukakaa mbele yetu mpaka uliporidhika,
bodaboda wakanikata kushoto na kulia
nami nikawaacha, ningefanyaje,
na kufika Kangemi nilikuwa mtu mpole
ambaye Kwamboka hakuwa amekutana naye.

Shule mpya, Kikuyu, ukungu, lango la kijani.
Tangu darasa la kwanza ndivyo tunavyoagana:
mimi hupiga honi mara mbili,
yeye, bila kugeuka, huinua mkono.
Sanduku likaingia. Godoro likaingia.
Kidole gumba kikaenda chenyewe katikati ya usukani.
Nikabonyeza, nikabonyeza.

Kimya.

Alikuwa amefika karibu na tangi la maji.
Mkono ukainuka.

Nikakaa pale muda, injini ikiunguruma.
Sikuthubutu kuizima.