Nimekupa Mji

Niliandika kwa wino, si kwa kalamu ya risasi:
"Maji ya visima vya Gando yana munyu kwa sababu bahari inaingia."
Dokta Raya akasoma, akavua miwani.
"Hii ni nadharia tete, Mkasi. Tete.
Mbona umeshaanza kuitetea?
Iachie uwanja kama kifaranga,
mwewe naye ana kazi yake."

Visima kumi na vinne.
Chupa ishirini na nane: moja ya maji kupwa, moja ya maji kujaa.
Riziki wa shangazi akishika ncha ya kamba,
mimi nikihesabu hatua toka mikokoni,
kipimo cha betri kikining'inia shingoni kama hirizi.

Kisima cha Kwa Time, hatua arobaini toka pwani:
maji matamu, ya kupikia chai.
Kisima cha Skuli, juu kule kwenye mikarafuu:
munyu unaouma ulimi.

Nikapima tena.
Nikakilaumu kipimo, nikabadilisha betri.
Na usiku, nakiri, nikaiweka kalamu juu ya namba moja,
ile ya Kwa Time, moja tu,
nani angejua?
Taa ya chemli ikafuka moshi. Nikaiondoa kalamu.

Utotoni, ukishindwa kitendawili, unatoa mji.
Basi haya, kisima: nimekupa mji.
Chukua Chake.
Kikachukua, kikaenda, kikarudi.
Hakikutegua.

Bi Time alikuwa na jibu lake, na hakuwa na shaka:
"Ni mke wa Faki. Kaosha ng'onda pale Skuli."
Nilicheka, kisha nikaliandika.
Dhana inayopimika si ya kuchekwa.
Mke wa Faki akaenda Tanga kuuguza, wiki sita.
Munyu haukusafiri naye.
Chukua Mkoani.

Nyumba yetu ya kupanga Wete haikuwa na tajiri wa miji.
Shaame, mwana wa isimu, alikwenda Kojani
na hojaji arobaini za kulizika neno moja la kale;
watoto wakamtukana kwa neno hilohilo,
kwa sababu aliukanyaga mpira wao.
Mize, wa historia, alikuwa na mfanyabiashara
aliyekufa kwa ndui, mwaka anaujua, mwezi anaujua.
Akafungua jalada jingine:
maiti wake katia saini risiti ya mchele
miaka miwili baada ya matanga.
Alilia, Mize. Sura nzima ya tasnifu.
Tukamkatia mkate wa kumimina,
Shaame akasema, "Mpe Konde, mimi nishaitoa Micheweni,"
na kicheko kikatuchukua hadi mwenye nyumba akagonga ukuta.

Dhana ya tatu sikuitafuta.
Ilikuja kwa sauti: mashine ya kuvuta maji, nyuma ya skuli,
iliyonunuliwa mwaka jana kwa mchango,
ikinguruma toka alfajiri.
Nikakaa nayo. Saa ya kwanza, namba ndogo.
Saa ya tatu, inapanda.
Saa ya sita, ulimi wenyewe unajua.
Siku ya mapumziko, mashine kimya: namba ikashuka.
Nilikimbia na daftari hadi kwa Dokta Raya.
"Imethibitika!"
"Haijaanguka," akasema. "Sema hivyo tu.
Umepima masika. Kiangazi je?
Na visima vingine vyenye mashine?"

Kwa hiyo nimerudi, na kalamu ya risasi.
Mwalimu Bikombo ananisubiri chini ya paa la mabati,
ndoo mbili tupu miguuni.
"Unataka tuzime mashine?"
Nasema bado sijui.
"Hadi lini?"
Nasema hadi Disemba, pengine.
"Na watoto mia tatu wanywe nini hadi Disemba, pengine?"

Hilo halimo katika daftari.
Naweka kipimo mfukoni,
nachukua ndoo moja, yeye anachukua ya pili,
tunateremka Kwa Time.
Njiani ananiuliza kama na kile, tukikivuta sana,
hakitaingia munyu.

Nasimama. Natafuta kalamu.
"Hebu rudia," namwambia.