Tumepwelewa

Mjomba Shaame karudi na begi moja,
na ndani, baina ya soksi na majani ya chai,
kipande cha chuma kilichopinda kama kiwiko.
Watu wa forodha Mkoani wakamuuliza, silaha hii?
Akasema, ufunguo.
Wa nyumba gani?
Wa maji.
Wakacheka, wakampigia muhuri.

Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chombo chembamba
katika mifereji ya Waingereza,
kirefu kama mnazi ulioanguka, ndani jiko na kitanda,
juu ya paa vyungu vya maua,
na mwendo wake ni wa mtu aendaye mazikoni kwa miguu.
Mfereji ukikuta kilima, asema, hawauzungushi,
huupandisha ngazi.
Unaingia kwenye sanduku la mawe,
unafunga mlango nyuma yako, unazungusha chuma,
na maji yanakunyanyua, wewe na birika lako,
mpaka macho yako yakawa sawa na miguu ya ng'ombe.

"Nipeleke Chake kwa maji, Mkasi. Siku nzima."
Mjomba, kutoka Wesha kwa gari hata nusu saa haifiki.
"Ndiyo maana."

Nilikuwa na friji ya Bi Mgeni ya kupeleka,
gari limemtaka elfu ishirini, mimi nikasema kumi.
Tukaisimamisha katikati ya mtumbwi, imefungwa kamba,
nyeupe, kimya, kama biharusi asiyejua anakopelekwa.
Ilikuwa siku ya bamvua. Maji yamekwisha geuka.
Nikapiga hesabu: tukienda moja kwa moja tutafika.
Sikuipigia hesabu chai.

Kila kona ya mikoko, "Zima mashine, mwanangu."
Anapuliza makaa, anamimina vikombe viwili,
anaitazama mizizi ya mkandaa
kama anayesoma majina ya watu wa ukoo.
Kikombe cha tatu, rafadha ikala tope.
Nikatia upondo, upondo ukazama,
nikauchomoa kwa tabu kama jino.
Saa mbili asubuhi, mkondo wote umebaki ukanda wa shaba,
kisha uzi,
kisha kaa wakatoka kututazama.

"Tumepwelewa," nikasema.
Akanyamaza. Akalirudia neno lile polepole,
akalizungusha mdomoni kama kokwa ya tende.
Miaka kumi na tisa hakuwa na pa kulitumia.
Huko maji hayaondoki, asema, yanakaa uliyoyaacha,
baridi ikija yanaganda, na wewe ndani yake.
Siku kumi na mbili aliwahi kuganda.
Aliyemgongea dirisha ni ajuza wa chombo cha jirani
na bakuli la supu ya mbaazi.

Akachukua chuma chake, akaenda omoni, akasimama.
"Mwenye mlango huku nani?"
Mwezi.
"Nambari yake unayo?"

Wanawake wawili wakapita na mabeseni ya chaza,
tope magotini, wakaiona friji.
"Barafu mnayo?"
Tulicheka hata mtumbwi ukalalia ubavu,
friji ikainama, Mjomba akaikumbatia.

Yalirudi bila kuitwa.
Kwanza kwenye mashimo ya kaa, yakitokota kidogo,
halafu chini ya mbao, kama paka anayejikuna.
Mjomba kaweka kiganja sakafuni, hasemi kitu.
Adhana ya adhuhuri ilipokuja kutoka upande wa mji
tulikuwa tunaelea.

Bi Mgeni yuko pwani, mikono kiunoni:
"Friji yangu imekwenda hija?"
Akanilipa elfu nane.

Mjomba kaondoka mwezi wa nane. Chuma kakiacha.
Sasa kinazuia mlango wa banda la mwani
usibamizwe na upepo.
Juzi kapiga simu, huko kwao mvua.
"Maji vipi, Mkasi?"
Nikachungulia. Yanakupwa, mjomba.
"Haya," akasema, nikasikia kijiko kwenye kikombe,
"basi tungoje."