Hamsini

Saa tisa alasiri, zamu yangu, Ubungo.
Ukutani namba inapumua:
hamsini. Hamsini nukta sifuri moja. Hamsini.
Kinyozi wa Tandale haijui namba hii,
mashine yake iko katikati ya kichwa cha mtu.
Ataijua siku ikikosekana.

Naitwa Siwema Nandonde. Kiti hiki nimekikalia mwaka wa tisa.
Nilianza enzi za mitambo ya mafuta,
masizi yakinirudisha nyumbani na kola nyeusi,
mama akisugua, akiuliza: umeajiriwa umeme au mkaa?
Ikaja gesi. Likaja bwawa. Sasa jua,
mabamba yamelala huko bara maelfu kwa maelfu,
hayangurumi, hayadai mafuta, hayamchafui mtu kola.
Nayapenda. Nasema kweli, nayapenda.
Ila jua halina simu.
Wingu likilipitia siwezi kupiga nikasema:
ngoja kidogo, kuna watu wanapika.

Mzee Hokororo, mkuu wa zamu, ana neno lake:
usiache mbachao kwa msala upitao.
Elinami, katoka chuo juzi, humjibu:
mbachao wenyewe unaungua, mzee.
Nami nipo kati, vidole juu ya kibodi,
nikijua zote mbili ni kweli,
na kweli mbili zinagombea waya mmoja.

Leo wingu limekuja.
Mstari kwenye kioo umeporomoka
kama nguo zilizokatikiwa kamba.
Betri zimeitika kabla sijapepesa jicho,
makontena meupe, kimya, yakaziba pengo.
Lakini betri ni mtungi, si kisima.
Ina dakika ishirini.
Na mtambo wa gesi namba tatu, uliolala baridi
kwa kuwa asubuhi mimi, kwa mdomo wangu, nilisema jua linatosha,
unataka thelathini na tano kuamka.
Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Arobaini na tisa nukta sita.
Nukta tano.
"Kata laini moja," Hokororo kasema, hakupaza sauti.
Ipi?
Hii ina wodi ya watoto njiti.
Hii ina pampu za maji.
Hii ina kiwanda cha chupa, tanuru likipoa halifufuki.
Hii ya Kijichi ina nyumba, saluni, maduka,
na friza la mama yangu,
vifuko mia mbili vya barafu ya ubuyu
vinavyongoja wanafunzi wa saa kumi.

Nikabonyeza Kijichi.

Namba tatu ikaamka ikikohoa.
Hamsini ikarudi polepole,
kama mtu apandaye ngazi na ndoo kichwani.
Elinami akaandika saa na dakika daftarini, asinitazame.
Hokororo hakutaja mbachao wala msala.
Alinimiminia kahawa, ikamwagika kidogo kwenye kisahani.

Ila Kijichi haikurudi.
Laini iligoma, kikosi kikakwama kwenye foleni ya Mbagala,
na dakika zangu kumi na tano
zikawa saa mbili unusu.

Simu. Mama.
"Nyie watu wa umeme mmerogwa na nani?"
Nikamwambia, mama, ni wingu.
"Wingu! Zamani mlisema maji yamepungua.
Sasa wingu. Kesho mtasema mwezi."
Sikumwambia kidole kilikuwa cha nani.

Usiku niliandika ripoti. Namba tatu isilale baridi
mpaka mtungi uwe mkubwa kuliko wingu.
Nikafuta "mtungi". Nikaandika "hifadhi ya betri".
Nikafuta jina la aliyesema jua linatosha,
kisha nikalirudisha.

Nilipofika Kijichi taa ya uani ilikuwa inawaka.
Mama akanitolea barafu moja iliyobaki,
iliyoyeyuka ikaganda tena, imepinda,
juu maji matupu, ubuyu wote umezama chini.
"Kula," akasema, "hizi hazinunuliki."
Nikaila yote, kimya, nimesimama mlangoni pa friza,
nikilisikiliza likinguruma.